Mshika Ufito

Tulipiga kura kwa kofia ya Nukri,
ile ya sufu inayonuka sigara za babu yake.
Tamta akachomoa: mwongozaji.
Nukri mwenyewe: kamera.
Data, aliyechelewa na bado akicheka, akapata kibao na chaki.
Mimi nilikunjua kikaratasi changu polepole
kama mtu anayefungua majibu ya hospitali.
Ufito wa maikrofoni.

Na kule Zestafoni mama ameshawatangazia majirani
kwamba mwanawe anasomea kuongoza filamu.
Nitamwambiaje
kwamba nimesimama siku nzima mikono juu
kama mwizi aliyekutwa dirishani?

Tulikuwa Gldani, ghorofa ya sita, kwa shangazi yake Eka.
Lifti ya pale hula sarafu: tetri ishirini kupanda,
kushuka ni bure.
Taa tulizibeba kwa ngazi, na mifuko ya mchanga,
na kila ghorofa mlango ulifunguka kidogo,
jicho likatuhesabu.

Onyesho lenyewe ni dogo.
Mwanamke anamrudishia jirani ufunguo.
"Umeusahau huu."
"Sikuusahau."
Mlango unafungwa, basi.
Maneno matatu, kisha moja.
Yalitugharimu saa tisa.

Mara ya kwanza, kivuli changu ukutani.
Ya pili, kivuli tena. Nukri hakunikemea,
alinitazama tu, na afadhali angenikemea.
Ya tatu, Eka akasema chai kikombeni
imezidi kidole kimoja kuliko awali.
Nani duniani anaangalia chai?
Eka anaangalia chai. Na kitufe cha shati, na nywele
iliyokuwa nyuma ya sikio la kushoto.
Ameajiriwa kukumbuka ili sisi tusahau.
Ya nne, lifti.
Ya tano, Lasha, anayepima umbali kwa utepe wa cherehani,
alikosea sentimita mbili
na uso wa Manana ukayeyuka kama siagi juu ya mkate wa moto.

Mtaka cha mvunguni huinama, walituambia.
Hawakusema mtaka cha hewani afanyeje.
Mabega yaliwaka. Jasho liliteremka hadi kiwikoni
likasita, likachagua njia.
Nikamwonea Tamta wivu, wivu wa kweli, wa tumboni,
amekaa kwenye kiti chenye mgongo
anasema "tena" kwa sauti ya upole.

Hapo ndipo nilipozisikiliza hedifoni,
maana hadi saa ile nilikuwa nimezivaa tu.
Tumbo la Manana lilikuwa linaguna.
Friji ya jirani ilikuwa inajisemesha.
Na Tamta, kitini, alikuwa akitamka maneno pamoja nao
bila sauti, midomo ikigusana kwa hofu,
tp, tp, tp,
kama mtoto anayehesabu ngazi gizani.
Wivu uliniishia bila kuniaga.

Mara ya kumi na moja,
kabla ya "Sikuusahau,"
Manana alivuta pumzi, akaizuia.
Kamera ilikuwa mgongoni mwake. Haikuiona.
Ilipita kwenye waya ikanifikia mimi peke yangu,
na ufito ukashuka wenyewe, nusu shubiri, kuipokea.

Mwisho tulirekodi chumba.
Ndivyo inavyofanywa: dakika moja, watu wote kimya,
ili chumba kiseme kilichokuwa kikisema chini yetu.
Data na kibao chake kwapani. Lasha mguu mmoja juu.
Eka na chai ambayo sasa angeweza kuinywa, hakuinywa.
Hakuna aliyekuwa mkubwa. Tulisimama tu
tukitengeneza kitu kwa kutofanya kitu,
hadi sekunde ya hamsini na tatu
mtu chini akatumbukiza sarafu.

Usiku mama alipiga simu. Leo umeongoza nini?
Nikamwambia leo nimeshika ufito, mama,
nimerekodi pumzi ya mtu, na kimya, dakika moja kasoro.
Akanyamaza.
Nikaisikia friji yake.
Kisha akauliza kama nimekula.